Vumawimbi na familia: saa ya maji, ubao wa kijana na njia ya Ngezi

Swali. Sisi ni wakazi wa Morogoro. Mwezi Desemba, shule zikifungwa, tunapanga kwenda Pemba mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, binti wa miaka 9 na kijana wa miaka 14. Tumesikia kuwa Vumawimbi ni ghuba iliyojitenga, yenye mchanga mweupe na watu wachache. Kijana wetu alijifunza kidogo kuteleza juu ya mawimbi tulipokwenda Malindi, na anataka kubeba ubao wake. Je, mahali hapo panafaa kuogelea, panafaa kwa ubao, na tufike saa ngapi? Tutakuwa na siku tatu tu.

Jibu. Bwana, umeuliza maswali matatu, na hilo la saa, ambalo umelitaja mwisho kana kwamba ni jambo dogo, ndilo linalobeba mengine mawili. Vumawimbi ya saa nne asubuhi na Vumawimbi ya saa kumi jioni zinaweza kuwa sehemu mbili tofauti kabisa ndani ya siku moja, na wiki moja baadaye zikawa zimebadilishana nafasi. Wageni wengi huchagua tarehe kwa kuangalia nauli ya ndege na nafasi ya hoteli. Mimi ningekuomba uichague kwa kuuangalia mwezi wa angani.

Katika mwambao wetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti baina ya maji makuu ya kujaa na maji ya kupwa huweza kufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi kuandama na siku zinazofuata mwezi mpevu. Kwenye ufukwe wa mchanga unaoshuka polepole, mita 4 za kimo humaanisha mwendo mrefu wa miguu kabla hujagusa maji yanayokufika magotini. Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni niliwapeleka watu saba Vumawimbi siku ya bamvua, tukafika saa nne asubuhi na taulo mabegani, na bahari ilikuwa imetoka. Mbele yetu palikuwa na mchanga uliolowa, vidimbwi, vijiti vya mwani, na kina mama wawili waliokuwa wakichokoa baina ya mawe huku wametupa kisogo. Mmoja wao aliinua kichwa, akatutazama sote na mataulo yetu, akasema kwa upole kabisa, «Mmekuja mapema, maji yatarudi jioni.» Tulikaa chini ya miti kwa muda wa saa nne nzima.

Kanuni ambayo mama yule aliijua bila karatasi ni hii. Siku za bamvua, katika eneo la Zanzibar, maji hujaa kabisa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi huchelewa kiasi hicho kila siku kurudi mahali pake juu ya vichwa vyetu. Wiki moja ikipita, tofauti inakuwa karibu saa sita, na mambo hugeuka: sasa maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, lakini hayajai sana wala hayapwi sana, na hayo ndiyo maji mafu. Kwa hiyo chukua kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, ile inayotundikwa karibu kila duka la Waislamu, uhesabu. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Baada ya kuhesabu, thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, kisha, ukishafika, muulize mvuvi yeyote pale Makangale, kijiji cha karibu, maana upepo huweza kuyasukuma maji yakatangulia au yakachelewa kidogo.

Kwa familia yenye mtoto wa miaka 9, nakushauri siku za maji mafu. Sababu si urahisi wa saa peke yake, ingawa kuogelea asubuhi kabla jua halijawa kali ni jambo jema. Sababu kubwa ni kwamba maji yanapopanda na kushuka kwa kimo kidogo, mikondo nayo huwa midogo. Siku za bamvua bahari inahamisha maji mengi mno kwa muda uleule wa saa sita, na maji hayo hayana budi kukimbia, hasa kwenye rasi na penye uwazi baina ya miamba. Ikiwa likizo yako haina budi kuangukia bamvua, basi ogeleeni tangu saa nane mchana hadi maji yanapofikia kilele, na mtoke majini mara yanapoanza kurudi. Maji yanayoingia humsukuma mwogeleaji nchi kavu, na yanayotoka humchukua. Wazee wetu wa mwambao hawakuhitaji mwalimu wa kuogelea kuwaambia hilo.

Sasa kuhusu pepo. Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, na jina lake limeundwa kwa maneno mawili ambayo msomaji yeyote anayajua: kuvuma na wimbi. Mwezi Desemba kaskazi inakuwa imeanza au inakaribia kutulia katika mkondo wake, nayo hutoka kaskazini mashariki, ndiyo kusema huvuma kuelekea ghuba hiyo. Tarajieni basi maji yenye mchafuko kidogo wakati wa mchana, na utulivu zaidi asubuhi. Mvua za vuli pia huweza kuwa hazijamalizika mwanzoni mwa mwezi, na Pemba hupata mvua nyingi. Kama shule zinafungwa mapema na una hiari, sogeza safari yako kuelekea mwisho wa Desemba. Anayetaka bahari iliyolala kama sahani aende wakati wa maleleji, baina ya pepo mbili, lakini kalenda ya shule haikubaliani na maleleji.

Nije kwenye hatari ambayo sitaki uipite haraka. Pale hakuna mlinzi wa waogeleaji, hakuna bendera nyekundu wala ya kijani, na siku nyingi hakuna mtu mwingine kabisa. Upweke huo ndio uzuri wa mahali penyewe, na ndio unaofanya kosa dogo liwe kubwa. Mawimbi yanapovunjika ufukweni, maji yaliyosukumwa juu lazima yatafute njia ya kurudi, na mara nyingi hukusanyika yakarudi kwa mkondo mwembamba unaokwenda moja kwa moja baharini. Mtu asiyejua huutazama ufukwe, akaona mawimbi yana povu kushoto na kulia, na katikati pana ukanda mtulivu, wenye rangi nzito kidogo, usio na povu. Akafikiri hapo ndipo pa salama kwa watoto. Hapo ndipo mkondo ulipo. Kabla hamjaingia, simameni mahali palipoinuka, mtazame maji kwa dakika 10 bila kuzungumza, na muoneshe binti yako ukanda huo kwa kidole. Watoto huona mambo haya upesi kuliko sisi wakishaoneshwa mara moja.

Ikitokea mmoja wenu amechukuliwa, asishindane na mkondo kwa kuogelea kuelekea ufukweni, kwa sababu hata mwogeleaji hodari huchoka kabla ya bahari. Mkondo huo haumvuti mtu chini. Humpeleka mbele tu, na nguvu yake huisha ukishapita mahali mawimbi yanapovunjika. Alale chali, aelee, ainue mkono mmoja, apate pumzi. Kisha aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye ukanda, ndipo arudi pamoja na mawimbi kwa mshazari. Aliyebaki nchi kavu asijitupe majini mikono mitupu. Achukue kitu kinachoelea, na kwa bahati nzuri ninyi mtakuwa nacho: ubao wa kijana. Hata kidumu cha lita 20 kilichofungwa kifuniko vizuri kinamtosha mtu mmoja kukishikilia, nami hukiweka kidumu kitupu ndani ya gari kila safari, jambo linalowachekesha wageni hadi niwaeleze.

Binti wa miaka 9 asivuke kiuno chake, na mtu mzima awe upande wake wa baharini, si nyuma yake. Ninyi wazazi mkipenda kuogelea mbali zaidi, ogeleeni sambamba na ufukwe. Wala msijaribu kuizunguka rasi kwa kuogelea ili mtokee Verani, ufukwe wa upande wa magharibi wa rasi, hata siku ambayo maji yanaonekana yamelala. Magharibi ya Pemba kuna mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, unaokitenga kisiwa na bara, na maji yanayopita kaskazini pale Kigomasha hayana huruma kwa mtu aliye ndani ya maji bila chombo.

Kuhusu ubao, nitakuwa mkweli na huenda kijana akanikasirikia. Mawimbi marefu yenye mpangilio, yale yanayowavuta watelezaji kwenda Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji, huzaliwa na dhoruba za bahari ya kusini na kusafiri maelfu ya kilomita. Kwetu huku mengi ya hayo huzuiliwa na kisiwa cha Madagaska kilicholala mbele yetu kama ukuta, na yanayobaki hukutana na miamba ya matumbawe inayozunguka sehemu kubwa ya mwambao, yakavunjika huko nje kabla ya kufika. Tunachopata ufukweni zaidi ni mawimbi ya upepo: mafupi, yanayofuatana karibu karibu, yenye nguvu ya kusukuma lakini yasiyo na ule uso mrefu wa kutelezea. Malindi, alikojifunza kijana wako, ni tofauti kwa sababu ya mto. Sabaki huingia baharini kaskazini mwa mji ukiwa umebeba udongo na maji baridi ya mvua za bara, na matumbawe hayapendi udongo wala maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo mwamba umeacha uwazi, na wimbi la kusi huingia ghubani bila kuzuiliwa. Ndiyo maana maji yale ni ya rangi ya chai ya maziwa na mawimbi yake ni mazuri. Vumawimbi maji ni ya buluu na kijani kibichi. Ni nadra mwambao wetu kukupa vyote viwili pamoja.

Hata hivyo, sisemi auache ubao nyumbani. Kaskazi ikivuma, ghuba hii huweza kumpa anayejifunza mawimbi ya kumfika kiunoni, yanayotosha kujifunzia kuinuka, kusimama na kuanguka vizuri, na kufundishwa kuanguka vizuri ni nusu ya mchezo wenyewe. Ubao unaofaa ni ule laini wa sponji, mpana, mnene na unaoelea vizuri. Ule mwembamba na mgumu wa watu waliobobea hautapata nguvu ya kuubeba, na ukimgonga mtoto kichwani utamuumiza. Kamba ya kufunga kifundoni iwe imara. Ateleze wakati maji yanaingia, yakiwa yamefika kati, kwa sababu yakijaa kabisa mawimbi huweza kuvunjika juu ya mteremko wa ufukwe wenyewe na kumtupa mchangani. Na asipande wimbi hata moja kabla hajatembea ghuba nzima kwa miguu maji yakiwa yamepwa, akatazama mawe yako wapi, hasa kuelekea pembe mbili za ghuba. Jiwe la matumbawe lililofunikwa na maji ya magotini hukata kama kioo, na jeraha lake, lisiposafishwa vizuri, huchelewa sana kupona katika joto letu.

Wasafirishaji wa ndege ndogo za kwenda Pemba wana kikomo cha urefu wa mzigo, kwa hiyo uliza kuhusu ubao kabla ya kukata tiketi. Ukipanda boti kutoka Unguja, ambayo hutia nanga Mkoani kusini mwa kisiwa, hilo halitakusumbua sana, ila safari ya nchi kavu itakuwa ndefu, kwani mnatoka kusini kabisa kwenda kaskazini kabisa, mkipita Chake Chake. Mji mdogo wa mwisho ni Konde. Nunueni hapo maji ya kunywa, ndizi, mihogo ya kuchemsha, madafu na chochote mtakachokula, maana ufukweni hakuna duka, na mkubaliane na dereva saa ya kuwafuata kabla hajaondoka. Simu isifanywe tegemeo.

Njia ya kutoka Konde hupita ndani ya msitu wa Ngezi, na hapo ndipo mandhari mnayoyafuata yanapoanzia, si kwenye mchanga. Pemba ilitengana na bara zamani mno, mamilioni ya miaka, na msitu huu ni mabaki ya ule uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya mikarafuu. Kuna mipapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Kuna ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani, akiwamo chozi, njiwa wa kijani na bundi mdogo ambaye utamsikia kabla hujamwona. Na kuna popo wa Pemba, mwenye manyoya mekundu ya kutu na mabawa yanayoweza kufikia takriban mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha, ambaye miongo michache iliyopita alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa, akaokolewa kwa sehemu kubwa na wanavijiji wenyewe waliokubali kuyalinda makazi yake. Binti yako ataukumbuka msitu huu kuliko bahari. Nimeliona hilo kwa watoto wengi. Lipieni matembezi pale kwenye ofisi ya msitu, na mkipata mwongozaji anayekubali kwenda jioni, msikatae.

Kwenye ufukwe wenyewe mtaona mstari wa mwani mkavu umejipinda kufuata ghuba, na ndani yake vipande vya vifuu, matawi na kaa wadogo wakikimbia. Mstari huo ni alama ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Mikoba, viatu na chakula viwekwe juu yake, si chini, na kama mnaelekea bamvua, viwekwe juu zaidi. Mkiwa majini buruteni miguu mchangani badala ya kuinyanyua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, apate nafasi ya kukimbia kama amejifukia. Akimchoma mtu, tumbukizeni mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kisha mpelekeni hospitali. Aliyeguswa na konyeza, yule mnyama wa bahari laini kama rojo anayewasha, asuuzwe kwa maji ya bahari yenyewe, asisuguliwe mchanga wala kumwagiwa maji ya kisima, ambayo huamsha sumu zaidi.

Hukuuliza kuhusu mavazi, lakini mkeo atauliza. Watu wa Pemba ni wakarimu na wana staha, na wavuvi na kina mama hupita pale wakati wowote, hata ufukwe uonekane mtupu. Kuogelea hakuna aliyekukatazeni. Mkitoka majini jifungeni khanga, na msiingie kijijini mkiwa na nguo za kuogelea. Usimpige mtu picha kabla ya kumwamkia na kumwomba ruhusa. Salamu hiyo, kwa kawaida, ndiyo pia itakayowaletea samaki wabichi wa kununua.

Kwa siku zenu tatu, mimi ningezigawa hivi, nikichukulia kwamba mmeangukia maji mafu. Siku ya kwanza fikeni mchana, maji yakiwa yanatoka, msiogelee. Tembeeni ghuba pamoja na kijana, mkiyahesabu mawe na kumwuliza mvuvi mmoja au wawili maswali. Siku ya pili iwe ya bahari, tangu saa mbili asubuhi, ubao kwanza maji yakiingia, kisha kuogelea wote hadi yanapojaa, na jua likiwa kali rudini kivulini. Siku ya tatu ogeleeni tena asubuhi kwa muda mfupi, kisha alasiri mwende ncha ya rasi, kwenye mnara wa taa wa chuma uliojengwa na Waingereza. Mlinzi akiruhusu, pandeni. Mtaiona Vumawimbi mkono mmoja na Verani mkono wa pili, na baada ya hapo shukeni Verani mlione jua likizama upande wa bara, kwani upande wenu wa mashariki huanza kuingia kivuli mapema. Dereva mwambieni awasubiri huko huko.